Wanafunzi Waliovuka Ziwa: Elimu ya Warundi wa Mwambao wa Rumonge katika Shule za Tanzania tangu 1972

Ikisiri

Historia ya Warundi waliosoma nje ya nchi yao imezoeleka kusimuliwa kupitia majina ya waliopelekwa Astrida, Ubelgiji na Ufaransa. Makala haya yanageukia kundi jingine: watoto wa Rumonge, Bugarama na Nyanza-Lac waliovuka Ziwa Tanganyika kuanzia 1972 na kusomeshwa kwa Kiswahili huko Tabora, Mpanda na Kigoma. Inajengwa hoja kwamba kundi hili, kwa kuwa liliandikwa katika madaftari ya wakimbizi na si ya wanafunzi, lilirudi Burundi na elimu ambayo sera ya elimu haikuwa na mahali pa kuiweka, hata katika miaka ileile ambapo nchi ilikuwa ikitafuta walimu wa Kiswahili.

Utangulizi

Mwanafunzi wa kigeni hutambulika kwa karatasi zake. Ana barua ya udahili, ana pasipoti, ana mfadhili, na chuo kinachompokea humhesabu kila mwaka. Kwa karatasi hizo wanahistoria wameweza kufuatilia safari za vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda Marekani kwa ndege za mwaka 1959 zilizopangwa na Tom Mboya, au waliokwenda Moscow na Beijing katika miaka ya 1960. Watoto wa mwambao wa Burundi waliofika Kigoma kwa mitumbwi mwaka 1972 walisoma katika nchi ya kigeni, kwa mtaala wa kigeni, na wengi wao kwa miaka mingi kuliko wale wa ndege. Hata hivyo, hakuna kitabu cha historia ya elimu kinachowaita wanafunzi wa kigeni. Suala hili si la istilahi tu. Jina alilopewa mtoto alipovuka mpaka ndilo lililoamua cheti chake kingesomwaje siku atakaporudi.

Mwambao na shule kabla ya 1972

Barabara itokayo Bujumbura kuelekea kusini hupita kati ya maji na milima ya Mumirwa. Bugarama imekaa kwenye miteremko hiyo. Rumonge iko mbele zaidi, kwenye uwanda wa Imbo, kilomita zipatazo 75 kutoka Bujumbura. Hadi 2015 Bugarama ilihesabiwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini na Rumonge katika mkoa wa Bururi, ndipo mkoa wa Rumonge ulipoundwa na kuziweka pamoja. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ni mdogo, lakini kwa lugha zilitofautiana. Rumonge ni mji wa soko, wa mawese na ndagala, na Kiswahili kilifika huko pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19. Mapadri Weupe waliofungua misheni Rumonge mwaka 1879, na ambao watatu kati yao waliuawa huko Mei 1881, walikuta mwambao ambao tayari ulikuwa umefungamana na Ujiji kwa biashara. Juu milimani, kwa upande mwingine, Kirundi kilitosha kwa karibu mambo yote ya maisha.

Utawala wa Kijerumani ulikitumia Kiswahili katika boma na jeshi. Wabelgiji waliofuata waliijenga shule juu ya Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikabaki sokoni, kwenye madrasa na katika mitaa kama Buyenzi mjini Bujumbura. Katika Kirundi cha kila siku neno linalomtaja Mswahili likaja kubeba maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Njia rasmi ya kupanda ngazi ilipita kwingine kabisa. Ilipita Groupe scolaire ya Astrida, leo Butare nchini Rwanda, iliyoanza kufundisha mwaka 1932 ili kuwaandaa wana wa machifu na wasaidizi wa utawala. Louis Rwagasore alipita hapo kabla ya kwenda Ubelgiji. Kwa hiyo wazo la kuvuka mpaka ili kusoma halikuwa geni Burundi. Jipya katika 1972 lilikuwa ni nani aliyevuka, na kwa nini.

Mwaka ambao shule iligeuka hatari

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi, hasa Watutsi, waliuawa katika siku za kwanza. Jibu la serikali ya Michel Micombero halikuishia kwa waasi. Katika majuma yaliyofuata Wahutu wenye elimu walisakwa nchi nzima: walimu, makarani, wauguzi, mapadri, na wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Bujumbura na katika shule za sekondari vijana waliitwa kwa majina, wakachukuliwa, wasirudi. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na mengine hupita 200,000. Watu wapatao 150,000 walikimbilia Tanzania katika kipindi hicho na miaka iliyofuata, na wengine walivuka kwenda Uvira na Fizi upande wa Kongo.

Jambo moja katika mauaji hayo lina uzito wa pekee kwa mtafiti wa elimu. Daftari la mahudhurio, ambalo kwingine ni kumbukumbu ya kawaida, liligeuka orodha ya watu wa kuchukuliwa. Familia nyingi zilizobaki Burundi zilisita kwa miaka kuwapeleka watoto shule. Ni nadra kuona uhusiano kati ya karatasi na mtoto ukivunjika namna hii, na bila kuuzingatia ni vigumu kueleza kwa nini waliovuka ziwa hawakuwa na haraka ya kuandikwa popote kwa majina yao kamili.

Madarasa ya makazi na madarasa ya mji

Upande wa pili wa ziwa palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa makazi ya wakimbizi: Ulyankulu katika Tabora, lililofunguliwa 1972, Katumba karibu na Mpanda, 1973, na Mishamo, 1978. Makazi hayo yalijengwa porini, mbali na mpaka, kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la kikristo la TCRS lililokuwa chini ya Walutheri. Sheria ya 1966 ya kudhibiti wakimbizi ilimtaka mkazi apate kibali kabla ya kutoka nje ya makazi. Mwanafunzi aliyechaguliwa kwenda sekondari ya mbali alihitaji, pamoja na ufaulu wake, ruhusa ya kusafiri.

Ndani ya makazi shule zilikuwa za Tanzania. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa 1967 na Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule ya msingi. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa 1973, mwaka uleule Katumba ilipofunguliwa, na azma ya elimu ya msingi kwa wote ilipofikia kilele 1977, watoto wa makazi hawakuachwa kando. Walisoma hesabu, jiografia na siasa kwa Kiswahili, wakalima shamba la shule, na waliobahatika kuingia sekondari wakahamia Kiingereza. Kwa watoto wa milimani, wale wa Bugarama na vitongoji vyake, Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza kuanzia mwanzo. Kwa watoto wa Rumonge mjini mambo yaligeuka kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa miaka ya 1950 huko Burundi angestaajabu: lugha iliyowafanya waonekane wa chini kielimu nyumbani ndiyo iliyokuwa sasa lugha ya ubao.

Njia ya pili ilikuwa mji wa Kigoma na vijiji vya wavuvi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alionyesha jinsi makundi hayo mawili yalivyoachana. Wa makazini waliishi na kumbukumbu ya 1972 kama msingi wa utaifa wao. Wa mjini walijichanganya, wengi wakajitambulisha kama Waha au kwa utambulisho mwingine uliofaa. Utafiti wa Malkki haukuhusu shule hasa, lakini una matokeo makubwa kwa historia ya shule. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana kwa kiasi kikubwa, na mtoto wa Kirundi aliyezungumza Kiha chake sokoni hakutiliwa shaka. Kiswahili kingeweza kumponza zaidi, kwani msemaji wa Kirundi, ambacho hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, huelekea kusema *kurara* kwa *kulala*. Mtoto wa Rumonge mjini, aliyelelewa na Kiswahili, aliweza kuepuka mtego huo mapema. Akaandikishwa shule kama mtoto wa Kigoma.

Hapo ndipo takwimu hukatika. Wanafunzi wa makazi wanaweza kukadiriwa kwa sababu shule zao zilikuwa za wakimbizi peke yao. Wanafunzi wa mjini wamo katika takwimu za Tanzania kama Watanzania, na hawatapatikana kwa kutafuta neno «Mrundi». Mtafiti anayedai kutoa idadi kamili ya Warundi waliosoma Kigoma kati ya 1972 na 1990 anadai zaidi ya kile daftari linachoweza kumpa.

Aliyetumwa na aliyekimbia

Ulinganisho na kisa cha mbali unaweza kusaidia kuona kilichokosekana. Mwaka 1872, miaka mia moja kamili kabla ya Rumonge, serikali ya kifalme ya China ilianza kuwapeleka vijana Marekani kwa juhudi za Yung Wing, Mchina aliyehitimu Chuo cha Yale mwaka 1854. Katika mafungu manne walipelekwa wavulana 120, wakakaa na familia za New England, makao yao makuu yakiwa Hartford. Serikali iligharimia kila kitu na iliwawekea walimu wa Kichina ili wasisahau lugha na maadili ya kwao. Mwaka 1881 iliwaita wote warudi, wengi kabla ya kuhitimu, kwa hofu kwamba walikuwa wanageuka Wamarekani. Mwaka uliofuata Marekani yenyewe ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, lakini wanafunzi hawakuguswa na katazo hilo. Kuitwa «mwanafunzi» kulikuwa kinga.

Tofauti za visa hivi ni wazi na hazihitaji kusisitizwa. Kinachofundisha zaidi ni kilichotokea baada ya kurudi. Zhan Tianyou, mmoja wa wachache waliofanikiwa kuhitimu Yale kabla ya agizo la 1881, alikuwa amesomea uhandisi wa ujenzi. Alipofika nyumbani alipangiwa mambo ya majini huko Fuzhou. Zilipita takriban miaka saba kabla hajaguswa na reli, na reli aliyoisimamia kati ya Beijing na Zhangjiakou ilikamilika 1909. Hata dola iliyotuma, kulipa na kuhesabu wanafunzi wake iliweza kupoteza miaka kwa kutojua namna ya kuwatumia. Dola ambayo haikutuma, bali ilisababisha kukimbia, ilikuwa na kazi ngumu zaidi, na nchini Tanzania neno lililowakinga watoto wa Rumonge lilikuwa «mkimbizi». Neno hilo lilihifadhi maisha yao. Halikuhifadhi kumbukumbu ya masomo yao.

Mtaala wa kurudi nyumbani

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 vilileta wimbi jipya Kigoma, na kambi mpya: Mtabila, Nduta, Kanembwa. Safari hii uamuzi ulikuwa kinyume. Ilionekana kwamba wakimbizi wangerudi, hivyo watoto wao wasomeshwe mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Kwa mtazamo wa kurejea nyumbani uamuzi huo ulikuwa na mantiki, na pengine ulijifunza kitu kutokana na makazi ya 1972. Lakini ulizaa hali ya ajabu: kando ya ziwa lilelile, watoto wa mkoa mmoja walisomeshwa kwa lugha tofauti kutegemea mwaka waliokimbia. Mtoto wa Katumba alisoma Kiswahili akiwa hana tarajio la kurudi. Mtoto wa Mtabila alisoma Kifaransa katika nchi ambayo duka la nje ya kambi halikuuza kitu kwa Kifaransa, na Kiswahili akakipata kwa kusikia tu.

Mwaka 2015, machafuko ya kisiasa yalipozuka Bujumbura, makumi ya maelfu ya watu walijazana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko wa Tanzania chini ya milima. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwabeba hadi Kigoma. Watoto wao wakapokelewa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na mtaala wa Burundi ukaendelea.

Kurudi Rumonge

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulishughulikia suala la wakimbizi na ardhi zao katika Itifaki ya Nne. Tangu 2002 hadi mwisho wa muongo huo karibu nusu milioni ya Warundi walirejea, wengi wao kutoka kambi za Kigoma. Kwa watu wa 1972 uamuzi ulifika baadaye: mwaka 2007 walipewa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi, na zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia.

Rumonge ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopokea wengi wa waliorudi, na iliwapokea ikiwa haina ardhi tupu. Mashamba ya Imbo yalikuwa yamegawiwa wengine, baadhi chini ya mpango wa serikali wa kuendeleza michikichi. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilijaa mashauri ya mwambao. Katika mazingira hayo lugha ilikuwa ushahidi wa upande mmoja au mwingine. Kijana aliyezaliwa Mishamo na kufika Rumonge akiwa na Kiswahili fasaha na Kirundi cha nyumbani aliitwa Mtanzania, na kuitwa hivyo mbele ya shamba lenye mgogoro si utani.

Shuleni alikutana na ukuta wa namna nyingine. Aliyekuwa darasa la sita au kidato cha pili hakuweza kufuata masomo kwa Kifaransa, akarudishwa nyuma kukaa na watoto wadogo, au akaacha. Yalifanyika masomo ya kuziba pengo, ya Kirundi na Kifaransa, yakawasaidia baadhi. Aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne alihitaji kulinganishiwa cheti chake na wizara. Masomo ya kuziba pengo yalichukulia kwamba anayerudi ana upungufu. Hakuna aliyeuliza, angalau si kwa namna iliyoacha sera nyuma yake, kile alichokuwa nacho na ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Na alikuwa nacho kitu ambacho serikali yenyewe ilikuwa inakitaka. Katikati ya miaka ya 2000 Burundi iliingiza Kiswahili na Kiingereza katika shule za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na Julai 2007 nchi ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili kikawa kwenye ratiba ya shule ambazo walimu wake, waliosomeshwa kwa Kifaransa, wengi hawakukijua vya kutosha. Miaka hiyohiyo, 2008 na 2009, malori ya waliorejea yalikuwa yakishusha Rumonge na Nyanza-Lac watu waliosoma miaka saba, wengine kumi na moja, katika mfumo ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya elimu na si somo tu. Mambo haya mawili yalipita kandokando bila kukutana: moja lilishughulikiwa na ofisi za elimu, lingine na ofisi za wakimbizi na ardhi.

Sheria ya 2014 kuhusu lugha ilikifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikupata hadhi hiyo. Wapo wanaoona kwamba hadhi ya kisheria haina maana kubwa maadamu lugha inafundishwa, na hoja yao ina uzito kwa nchi nzima. Kwa mwambao ina uzito mdogo. Mtu wa Rumonge ambaye elimu yake yote iko katika Kiswahili hana ofisi ambayo sheria inailazimu kumsikiliza kwa lugha hiyo.

Yanayobaki mezani kwa watunga sera

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na mwaka 2021 waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mazungumzo ya ulinganisho wa vyeti yamejikita kwenye vyuo vikuu. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba uhamaji mkubwa wa wanafunzi kati ya Burundi na Tanzania ulitokea chini ya kiwango hicho, katika shule za msingi na sekondari, na uliwahusu watu ambao hakuna chuo kilichowadahili. Mfumo wa ulinganisho unaoanzia shahada ya kwanza utaendelea kuwapita.

Hatua inayowezekana mapema ni ya kumbukumbu. Shule za Katumba, Ulyankulu na Mishamo bado zipo, na kwa utaratibu wa shule za Tanzania kila moja ilipaswa kuwa na rejesta ya uandikishaji. Rejesta hizo zikinakiliwa na kuwekwa mahali ambapo wizara za nchi zote mbili zinaweza kuzifikia, mtu aliyepoteza cheti chake njiani atakuwa na mahali pa kuthibitisha kwamba alisoma. Kazi hiyo itahitaji uangalifu ambao si wa kiufundi peke yake: kwa watu ambao mwaka 1972 orodha ya shule ilimaanisha kifo, ni lazima ielezwe nani atakayezisoma orodha hizi na kwa ajili gani, na mhusika awe na haki ya kukataa jina lake lisitumike. Pili, ajira za walimu wa Kiswahili katika mwambao zinaweza kufungua mlango wa mtihani wa umahiri, badala ya kudai diploma ya Burundi pekee kama tiketi ya kuingilia. Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mtumbwi ulipoondoka mwambao wa Rumonge mwaka 1972 sasa yuko kwenye umri wa kustaafu, na karatasi za rejesta yake zina umri unaokaribiana na wake.